Tofali Lililowasha Taa

Jumamosi, usiku

Kwa nini sikusema palepale? Mdomo si ninao?

Mzee Masalu ndiye aliyenipa mabaki ya chuma yanayodondoka chini ya mashine yake ya kukereza, kule Igogo. Nikayachanganya kwenye zege la tofali la majaribio, ili lipitishe umeme na kupata joto. Leo asubuhi nimelitoa tofali kwenye ndoo ya maji, maana zege changa lazima linywe maji, nikalifuta, nikaenda nalo karakanani kwake. Nikaunganisha nyaya na betri. Taa ndogo niliyoifunga hapo ikawaka.

Mafundi wake wakapiga makofi. Mzee akanishika mkono. "Mwanangu, uchafu wangu umewasha taa! Jumatatu tunamwaga sakafu ya banda langu la vifaranga Mkolani. Hawafi tena kwa baridi."

Nikasema, "Asante, baba." Na nilikuwa nimeshakumbuka. Zege lolote lililolowa hupitisha umeme, hata lisilo na chembe ya chuma. Nawafundisha wanafunzi jambo hilohilo!

Mchana kutwa nimelianika juu ya bati. Lilipokauka, nikaunganisha nyaya zilezile. Giza.

Nikalimwagia kikombe cha maji. Taa ikawaka. Na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nikafurahi kwanza, kabla ya...

Sasa hivi Mzee amepiga simu. Nikamwamkia, akaitika huku anacheka. "Yale majiko ya mkaa ya bandani nimeshayagawa yote kwa majirani. Ya nini tena?"

Nikamjibu, "Hongera, baba."