Kabati la Babu Limelazwa Chali

Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto,
juu ya duka la mshona viatu.
Jumapili, tarehe 14, asubuhi baada ya chai.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Hujambo huko uliko? Mwili una nguvu? Unakaa ukala, au bado unakula umesimama kama farasi? Baridi ya huko nasikia inang'ata. Zile soksi nilizokufumia zivae, usizifiche sandukuni zikawa za kumbukumbu. Mimi sijafa. Macho yanaona, meno matano yaliyobaki yanaelewana, ila goti la kulia limeota kiburi, likifika kwenye ngazi linataka kubembelezwa. Mama yako mzima. Mjomba wako seremala mzima, kitambi chake ndicho kinachobisha hodi kabla yake.

Unajua shule niliipitia kwa nje tu, na mzigo kichwani. Kwa hiyo anayeshika kalamu ni mama yako. Nimemwambia aandike ninavyosema, hata pale nitakapomsema yeye. Amekunja uso, lakini anaandika.

Nianze na lililo moyoni. Siku ile uliponipigia simu ukasema, "Bibi, kama kobe wamekuwa mzigo, wape watu, sitakasirika," nilikusikia. Maneno yalikuwa hayo, sauti ilikuwa nyingine. Nimekulea mimi, najua unavyomeza mate ukitaka kulia. Sikukujibu kwa sababu jibu sikuwa nalo. Leo ninalo. Lakini utalisubiri, maana jambo lenyewe lina miguu minne na halina haraka.

Miezi miwili sasa tangu goti linihamishie huku kwa mama yako, na kobe wako walihama nami, Bwana Mkubwa ndani ya beseni, Kofia ndani ya mkoba wangu. Kule walikuwa na ua mzima. Huku ni vigae. Kobe juu ya kigae ni kama mimi nikivaa viatu vya visigino virefu: miguu inakwenda, mwili umebaki. Mwishowe waliingia chini ya kitanda, kwenye sakafu ya baridi, wakavuta vichwa ndani kama watu waliosusa harusi.

Na mama yako unamjua. Kutwa anafua mashuka ya hospitali, akirudi anataka sakafu ing'ae ajione uso. Siku moja akamkanyaga Kofia akiwa na sufuria ya mchuzi mikononi. Kofia hakuumia, Mungu alimpa gamba kwa ajili ya watu kama mama yako. Mchuzi ndio uliofika mpaka kwenye pazia.

"Mama," akaniambia, "nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Wasipopata mahali pao pa kukaa, daktari wa mifugo anawachukua. Ana rafiki mwenye kiwanja kikubwa."

"Mahali pao? Hawa wamezaliwa na nyumba mgongoni!"

"Basi wakakae kwingine na nyumba yao."

Mjukuu wangu, nilicheka mdomoni, tumboni sikucheka. Kofia ni wako, ulimwokota mwenyewe. Lakini Bwana Mkubwa babu yako alikuja naye mfukoni wiki ile uliyozaliwa, mdogo kama kibiriti. Akamweka kando ya kitanda chako akasema, "Mmoja wa hawa atakwenda mbali, mmoja atabaki nyumbani." Wewe ndiye uliyekwenda, tena mbali kweli. Sasa nimtoe na yule wa kubaki? Nikikutana na yule mzee huko mbele, nimwambie nini?

Nikajifunga kibwebwe. Muuza mikate wa kona alikuwa amepata kabati jipya la vioo la kupangia mikate, nikamwomba lile kuukuu. Akili yangu iliniambia vioo ni vizuri, wao watatuona na sisi tutawaona. Kumbe nimejenga jela. Kobe hajui kioo ni kitu gani. Anauona mguu wa meza pale, anautaka, anaufuata. Basi ni kusukuma kioo kwa paji la uso tangu asubuhi, ko, ko, ko, miguu inaparura, chakula hakiguswi. Siku ya tatu nikamwambia mama yako, "Sikia, wananiita."

"Hawakuiti, Mama. Wanakushtaki."

Siku ya pili yake daktari wa mifugo akaja, eti kuwaona wageni wake kabla hajawabeba. Ni kijana mrefu, mpole, viatu vyake vina tope la zizini. Akachungulia kile kioo kimejaa mvuke, akashika kiuno.

"Bibi, kobe kile asichoweza kukipita asikione. Na usimpe nyumba ya kwenda juu, hana ngazi ya kupanda. Mpe upana. Upande mmoja pawe na joto, upande mwingine pawe pa baridi, achague mwenyewe."

"Upana kiasi gani?"

Akafungua mikono yote miwili kama anayetaka kumkumbatia ng'ombe. "Huu. Na ukizidi, vizuri."

Mimi nikageuza shingo nikatazama chumbani kwangu. Humo kuna kitu kimoja tu chenye ukubwa ule. Umeshakijua. Ni lile kabati la nguo alilolichonga babu yako kabla hajanioa, lililopandishwa ngazi hizi na wanaume sita waliotukana njia nzima.

Nikampigia mjomba wako simu. Akaja na vifaa vyake, nikamwambia, "Ng'oa milango, lilaze chali." Akanywea, akalitazama kabati, akanitazama mimi, akalitazama kabati. Mama yako akatoka jikoni mbio, mikono ina povu.

"Mama! Kabati la Baba!"

"Baba yenu hayumo humo," nikasema. "Miaka minne nalifungua kila asubuhi, sijamkuta hata siku moja."

Kisha mjomba wako akachukua bisibisi.

Ungeiona hiyo nyumba! Ukilaza kabati linakuwa kama mtumbwi mpana, kuta za mbao kotekote, hakuna cha kuona nje, hakuna cha kusukuma. Kile chumba cha juu cha kuwekea kofia na blanketi kimekuwa chumba cha kulala, mjomba wako amekitoboa mlango wa upinde, nadhifu, hata mimi ningependa kuingia. Taa ya joto ameifunga kwa mnyororo kwenye fimbo ileile niliyokuwa natundikia magauni, na chini ya taa kuna jiwe bapa la kuotea. Mwisho wa pili, upande wa baridi, nimelaza chungu changu kilichovunjika mdomo na kisahani cha maji cha kina kifupi. Ndani tumetandika nailoni nzito isiyopitisha maji, mbao zisioze. Mjomba wako alileta gunia la maranda ya karakana, daktari akayakataa kwenye simu, kwamba yana vumbi na rangi na yatawaingia puani. Mjomba akalirudisha gunia amenuna kama mtoto aliyenyimwa kisu. Tukaweka udongo uliochanganywa na mchanga, kina cha vidole vinne.

Na asubuhi nafungua dirisha lote, jua liwafikie lenyewe. Daktari anasema jua la kupitia kioo ni kama picha ya chakula.

Nguo zangu zinaning'inia kwenye misumari sita ukutani. Ule mlango wenye kioo mama yako ameusimamisha ukumbini. Alisema ni wa muda. Kila akipita anajitazama.

Kofia aliingia akazunguka mara moja, akapanda juu ya jiwe, akanyoosha miguu yote minne kama mwenye nyumba. Mimi nikapiga makofi. Ila Bwana Mkubwa, mjukuu wangu, Bwana Mkubwa alikataa.

Hakula. Alikwenda kona ya upande wa joto akaanza kuchimba, akifika kwenye nailoni anaacha, anahamia kona nyingine, anachimba, anafika kwenye nailoni. Siku ya kwanza nikasema ni ugeni. Siku ya pili nikamletea majani laini ya maua ya bustani ya jirani, nisamehewe. Siku ya nne alikuwa ameparura mpaka nailoni imeanza kuchanika, na macho yake yamechoka. Mwezi ulikuwa umebakiza siku moja.

Mama yako akaliinamia kabati, safari hii hakupaza sauti. "Mama, huyu anataka kutoka. Labda anakufa. Mwache daktari amchukue, kule kuna ua."

Nilikaa kwenye kigoda nikamwambia Bwana Mkubwa, "We mzee, nimekupa kabati la harusi yangu. Unataka nini tena, ngozi yangu?" Halafu nikalia. Usimwambie mtu. Mama yako anajua kwa sababu anaandika, na kwa sababu na yeye alikuwa analia, hilo hakutaka kuliandika, nimemlazimisha.

Siku ya mwisho wa mwezi daktari akafika na sanduku lake la kubebea. Nikamwambia, "Mpime kwanza, ndipo umbebe." Akamwinua Bwana Mkubwa, akapitisha vidole mbele ya miguu ya nyuma, taratibu, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Akatulia. Akapapasa tena. Halafu akakaa chini kwenye vigae vya mama yako na tope lake lote, akacheka mpaka machozi.

"Bibi, huyu si bwana. Ni mama. Ana mayai, na ametafuta udongo wa kuyazika nyumba nzima hajaupata. Vidole vinne! Huyu anataka kina kinachozidi urefu wa gamba lake."

Mjukuu wangu, miaka ishirini na mitatu! Babu yako alikuwa akikaa na Bwana Mkubwa uani kila jioni wakizungumza mambo ya wanaume. Mimi nilikuwa nawapita na ndoo zangu, nasikia, "Bwana Mkubwa, wanawake hawa!" Kumbe alikuwa anamshtaki mwanamke kwa mwanamke. Ndiyo maana alikuwa akinitazama vile.

"Basi nimbebe?" daktari akauliza. "Kule kwa rafiki yangu udongo upo."

Nilifungua mdomo, lakini mama yako alinitangulia. "Weka chini sanduku lako," akamwambia. "Mwenye mimba hafukuzwi nyumbani kwangu."

Akavaa viatu vyake vya kazini akatoka. Ng'ambo ya barabara kuna wajenzi wanachimba msingi. Nikamwona dirishani anazozana nao, mkono kiunoni, kisha anajaza ndoo. Ndoo moja udongo, moja mchanga. Akapanda ngazi ghorofa tatu, akamwaga, akashuka, akapanda. Ndoo sita! Mama yako, asiyetaka hata unyayo wa vumbi, alikuwa na udongo mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia, "Pumzika." Akanijibu, "Mama, ukiwa na uchungu, nani anapumzika?"

Tulirundika udongo wote upande mmoja, tukaunyunyizia maji, tukaushindilia kidogo. Kesho yake mchana, Bwana Mkubwa (jina hatubadilishi, ameshalizoea) akaenda pale moja kwa moja. Alichimba kwa miguu ya nyuma, mmoja baada ya mwingine, kila teke la udongo analiweka kando kwa adabu. Saa mbili nzima. Tulikaa kwenye vigoda, mimi, mama yako na mjomba wako, tumebana pumzi kama watu wanaosubiri kura zihesabiwe. Lilipotoka yai la kwanza, jeupe, la duara, mama yako akaufinya mkono wangu mpaka pete ikaniumiza. Mayai sita. Akayafukia, akayapigapiga kwa tumbo lake, akageuka, akaenda kwenye majani akala bila kuinua kichwa.

Daktari ameyahamishia kwenye boksi la mchanga wenye joto, ameyatia alama ya penseli juu, maana hayatakiwi kugeuzwa. Huenda yakaanguliwa miezi mitatu ijayo, huenda yasianguliwe, hakuniahidi. Mama yako anayachungulia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, ananyata. Akiniona anajifanya anatafuta viatu.

Sasa jibu lako ni hili: hatoki mtu. Ukirudi utakuta wote humu, na usinitolee tena sauti ile ya kumeza mate kwenye simu. Babu yako alikosea kwamba ni bwana, lakini hakukosea kwamba atabaki.

Mjomba wako anakusalimu, anasema ukipata kabati kuukuu huko usilitupe, sasa ana mipango. Mshona viatu wa chini anakusalimu na anauliza ni nani anayecheza ngoma juu ya kichwa chake, nimemwambia ni wajukuu. Kofia anakusalimu, amekuwa baba na hana habari.

Mungu akulinde na baridi, akupe kazi isiyokuvunja mgongo na watu wa kucheka nao. Na akufungulie milango yote, hata ile niliyoing'oa mimi.

Mkeo wa kwanza, akupendaye kuliko yeyote utakayemleta,

Bibi yako

Mwanangu, nimeandika yote kama alivyosema, hata ya mchuzi. Ila ndoo zilikuwa nane, si sita. Mama.