Kikohozi cha Baba kwenye Kona ya Migomba

Mama,

Ninakuandikia nikiwa nimevaa sweta mbili. Huku Tukuyu mvua haijui kuacha, na nguo za shule tunazikausha kwa kuzitundika juu ya jiko la mkaa. Ungekuwepo ungesema, "Editha, hiyo sketi inanuka moshi," nami ningekujibu kwamba darasa zima linanuka moshi, kwa hiyo hakuna anayesikia.

Ndiyo, tumehama Singida. Baba alipewa uhamisho miezi michache baada ya kukuzika. Bwana shamba aliyezoea alizeti na mtama sasa anakagua parachichi na migomba, na wakulima wa Kisondela wanamcheka anavyoteleza kwenye tope. Yona yuko darasa la pili na tayari anaongea Kinyakyusa na wenzake kama aliyezaliwa nacho. Mimi niko kidato cha tatu. Najua "ugonile" ya kusalimia na "ndaga" ya kushukuru tu, na hata hizo nazisema kwa sauti ndogo.

Tunakaa nyumba ya kupanga pembeni ya mji, uwanja mmoja na mwenye nyumba, Mzee Ambakisye. Kati ya mlango wetu na wa kwake kuna kinjia kinachopita kwenye migomba, halafu kinakata kona karibu na jiko lao. Ikumbuke hiyo kona. Kwa Mzee anakaa pia Mama Tuse, mke wa mtoto wake mkubwa. Mumewe anaendesha lori la ndizi kwenda Dar es Salaam na nyumbani anaonekana mara moja moja. Mtoto wao, Tuse, ni rika la Yona. Mama Tuse bado kijana, anacheka kwa urahisi, na ana shingo ndefu. Naandika habari ya shingo kwa sababu niliiangalia sana, na utaelewa kwa nini.

Wiki ya kwanza alikuwa anaongea na Baba kama jirani yeyote. Alimwonyesha bomba lenye maji safi na duka lenye mkaa mkavu. Siku Baba alipomenya ndizi ya kupika akaitia mdomoni akidhani imeiva, Mama Tuse alicheka mpaka akakaa chini. Baba naye akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu hospitali.

Halafu Jumapili moja baada ya ibada, Mzee Ambakisye alikuja na wazee wenzake kutupa pole kwa ajili yako. Hawakuwahi kukuona, lakini walikaa sebuleni kwetu muda mrefu wakiwa wameinamisha vichwa. Mzee akamuuliza Baba kama ana kaka huku Rungwe. Baba akasema hana. Mzee akasema, "Basi unaye, ni mimi. Kuansia leo wewe ni mdogo wangu." Anasema hivyo hivyo, "kuansia", na Yona anamwiga. Mimi nilikuwa nagawa chai. Nikayachukulia ni maneno ya kumfariji mtu.

Kesho yake Mama Tuse akaanza kumkimbia Baba.

Sitii chumvi, Mama. Baba akitokea, yeye anaacha sufuria motoni anaingia nyuma ya jiko. Wakikutana njiani anatoka kwenye njia, anachutama kwenye majani mabichi, anajifunika kanga kichwani na kugeuza uso. Baba naye haangalii upande ule. Kabla ya kufika kwenye ile kona, anakohoa. Kikohozi kikavu, mara mbili, cha mtu asiyeumwa. Asubuhi anakohoa, jioni anakohoa. Nikajiuliza, ni ishara ya nini?

Wewe ulikuwa unanicheka kwamba nasoma riwaya mpaka nachoma maharage. Sasa katika riwaya zote nilizosoma, watu wasio na jambo hutazamana tu. Wanaokwepana macho ndio wenye jambo. Nikaanza kuchunguza. Niliona kwamba Baba akiwanunulia nyama hampi Mama Tuse mkononi, anaiacha juu ya gogo la mgomba anaondoka. Niliona kwamba Mama Tuse akitupikia mbalaga, zile ndizi zao na maharage, anampa Yona alete. Na hamtaji Baba kwa jina wala kwa "Baba Editha". Anasema, "yule wa kwenu amerudi?" Baba naye anasema "yule". Nyumba nzima imejaa "yule".

Halafu matembezi. Hili ndilo lililoniuma. Unakumbuka ulivyokuwa unamwomba twende tu pale Ziwa Singidani tukaone wale ndege heroe, tule karanga, turudi? Unavaa, unamvalisha Yona, na Baba amelala kwenye kochi na redio kifuani anasema, "Wiki ijayo, mama Editha." Basi huku kila Jumapili anatutoa. Tumekwenda Daraja la Mungu, tukasimama juu ya jiwe ambalo mto Kiwira umelitoboa na kupita chini yake. Tumekwenda Ziwa Masoko, Yona akarusha mawe mpaka mkono ukamuuma. Nilipokuwa naangalia yale maji nilikuwa nafikiria wewe na viatu vyako vya kutokea, vilivyokuwa vipya mpaka mwisho. Nikawa nasema moyoni, kuna mtu amemfundisha Baba kutembea, na si mama yangu.

Mama mdogo anapiga simu kutoka Singida kila Jumamosi. Anauliza tumekula nini, halafu anashusha sauti. "Kuna mwanamke hapo?" Nasema sijui. "Hujui nini na wewe una macho? Wanaume mimi nawajua. Ukiona kitu niambie neno moja tu, likizo nakuja kuwachukua. Watoto wa dada yangu hawatalelewa na mtu." Na atakuja kweli, unamjua. Anitoe mimi, sawa, lakini Yona hapa ameacha kukojoa kitandani. Nikimpeleka Singida kwenye nyumba isiyo na wewe na isiyo na Baba, sijui itakuwaje. Nilikuwa nabeba hilo shuleni na narudi nalo. Ningemuuliza Baba? Unajua mimi. Hata kuomba hela ya daftari nazunguka meza kwanza.

Jumapili ya maporomoko ya Kaporogwe ndiyo iliyonimaliza. Baba alisema Mama Tuse na Tuse watakuja pia, kwa sababu Mama Tuse ana shangazi yake karibu na pale. Jirani mmoja alikuwa anapeleka matenga matupu ya parachichi upande ule, tukapanda nyuma ya pikapu yake, mimi, Yona, Tuse na Mama Tuse. Baba akasema yeye atakuja nyuma na pikipiki ya kazi. Gari lilikuwa na nafasi, Mama. Nikafikiri, hawa hawataki kuonekana pamoja. Njia nzima Mama Tuse alitumenyea mahindi ya kuchemsha na kunitania.

"Editha, wewe unaongea lini? Nikuwekee vocha?"

Nilikuwa naangalia shingo yake.

Tulipofika tukaanza kushuka bondeni. Kelele za maji unazisikia kabla hujayaona, na ngazi zina utelezi. Nikabaki nyuma kidogo, nikatoa simu, nikamwandikia mama mdogo. "Yupo. Ni jirani. Njoo." Nikabonyeza kutuma. Kule bondeni mtandao hakuna, ujumbe ukabaki unazunguka. Nikasema, vizuri, tukipanda juu utakwenda wenyewe, kazi yangu imeisha.

Yale maporomoko yana pango nyuma yake. Unapita pembeni, unaingia chini ya mwamba, na maji yanaanguka mbele yako kama pazia. Tulikuwa tumesimama pale kwenye ukingo mwembamba, tumelowa, Yona na Tuse wanapiga kelele wasikie mwangwi na hawausikii. Hapo Baba akatokea, helmeti mkononi. Nilimwona mdomo unakwenda, anakohoa. Alikohoa tena na tena, lakini nani angemsikia? Mama Tuse alikuwa amempa mgongo. Akageuka, na uso wake na uso wa Baba zikawa karibu kama mimi na karatasi hii.

Mama, hakufanya nilichotegemea. Alishtuka kama mtu aliyekuta nyoka, akajigeuza kwenye mwamba, akavuta kanga mpaka kiunoni, akachutama kwenye maji. Mguu ukateleza. Baba akanyoosha mkono kumdaka, halafu akaurudisha kama umeungua, akabaki anahangaika ananiita mimi.

"Mshike! Editha, mshike wewe!"

Nikamshika. Alikuwa mzito na anatetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Anacheka ndani ya kanga, uso kwenye jiwe. Baba alikuwa ameshageuka, anatazama maji kama mtoto aliyewekwa pembeni na mwalimu. Na Yona, kwa hasira ya kweli, akamwambia, "Baba, huku lazima ukohoe kwa nguvu. Maji hayakusikii."

Ndipo nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi. Nilisema karibu na sikio lake, lakini kwa sababu ya maji ilibidi nipige kelele. "Kwa nini mnajificha? Una nini na Baba yangu?"

Kicheko kikaisha. Akaniangalia kwa jicho moja kupitia kwenye kanga.

"Nina nini naye? Ni mkwe wangu."

Nikasema mkwe wake ni Mzee Ambakisye.

"Na mdogo wake je? Mzee amesema huyu ni mdogo wake. Mdogo wa baba mkwe si ni baba mkwe? Nitamtazamaje usoni, mwanangu? Kwetu mkwe hatazamwi, haitwi jina, hapewi kitu mkononi. Mjini wengi wameacha, lakini mzee wangu anapenda, na mimi nampenda mzee wangu." Halafu ikamwingia nilichokuwa nafikiria. Akaweka mkono mdomoni. "Heee. Editha. Tangu lini?"

Akanivuta ndani ya ile kanga iliyolowa, tukakaa humo wawili, akacheka tena mpaka na mimi nikacheka, halafu nikalia. Alinuka moshi na mahindi. Akasema, "Mwambie yule wa kwenu apande juu kwanza. Magoti yangu yamekufa ganzi."

Yona alikuwa anajua siku zote. Tuse alimwambia kwenye mchezo wa gololi. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, akasema, "Hukuuliza."

Kabla hatujaanza kupanda nilikaa kwenye jiwe nikautafuta ule ujumbe. Bado ulikuwa unazunguka. Nikaufuta, halafu nikazima simu kabisa, maana sikuiamini. Niliiwasha kesho yake.

Jioni ile nilimwambia Baba yote, nikiwa nyuma ya mlango, yeye akiwa nje anaosha tope kwenye pikipiki. Ni rahisi kuongea na mtu usiyemwona, nimejifunza kwa Mama Tuse. Brashi ikasimama. Akasema Mzee ndiye aliyemwelekeza akohoe, ili mkwe apate nafasi ya kupisha, na yeye alidhani mimi najua, kwa kuwa nasoma sana. Nikamuuliza na matembezi je. Brashi ikaendelea kidogo.

"Mama yako nilimwambia 'wiki ijayo' mara nyingi mno," akasema. "Nyie sitawaambia."

Basi. Akaendelea kuosha, na mimi sikutoka nyuma ya mlango.

Jumamosi mama mdogo akauliza kama kawaida, kuna mwanamke? Nikasema yupo. Nikamsikia anavuta kiti. Nikasema anaitwa Mama Tuse, na kila akimwona Baba anakimbilia nyuma ya jiko na kujifunika kanga. "Sasa amemfanya nini?" akauliza. Nikamweleza. Alicheka mpaka akaniambia nisubiri afute macho, halafu akasema, kwa sauti yako kabisa, "Kwa hiyo shemeji amepata ndugu." Atakuja likizo, lakini kututembelea tu. Nimemwambia alete mlenda mkavu, Baba anauota.

Sikudanganyi kwamba nimeacha kuchunguza. Juzi Baba amenunua mafuta ya nywele, na nywele zake ni chache unazijua. Kwenye kwaya kuna mama mmoja wa sauti ya pili anayemsalimia kwa kutaja jina lake lote, na anamtazama machoni. Huyo hajifichi hata kidogo. Nimemweka akilini. Lakini nimejiwekea sharti, nitauliza kwanza kabla ya kumwandikia mtu yeyote neno "njoo".

Na wewe nakuahidi hili, kwamba viatu vyako vya kutokea nitavivaa. Vinanitosha sasa. Nimevitoa kwenye boksi, Jumapili tunakwenda kuona mashamba ya chai upande wa Masukulu, na nikirudi vina tope sitavifuta mara moja.

Mwezi wa sita tunakuja Singida kujengea kaburi lako. Lala salama mpaka hapo, Mama. Kule makaburini hakuna kelele za maji, kwa hiyo tukikaribia ule mti wa miiba ulio pembeni ya kaburi lako utamsikia Baba anakohoa. Siku hizi amezoea, anakohoa hata akiingia dukani. Ukimsikia, wewe usijifiche.

Mwanao,
Editha