Fimbo ya Mzee Otakar

Blanka, uko? Usicheke. Nimesema usicheke.

Leo nilikuwa nawaeleza wateja wa kiwanda cha karatasi kwa nini utando wa poda ya kabidi tunaonyunyizia rola zao umekuwa mgumu ghafla kuliko miaka yote. Slaidi kumi na nne. Nikasema ni oksijeni ya bunduki ya kunyunyizia, nimeirekebisha mimi mwenyewe.

Mlango ukafunguka. Mzee Otakar, fundi wa kunyunyizia, kashika ile fimbo anayopimia umbali kutoka bunduki hadi rola. Unamjua, miaka thelathini hajagusa rula.

"Samahani, Bi Daktari. Fimbo yangu imepungua sentimita tatu."

Sentimita tatu, Blanka.

Mteja akauliza, "Kwa hiyo si oksijeni?"

"Kile kitufe alichozungusha hakijaunganishwa na kitu tangu Pasaka," akasema Otakar. "Tunanyunyizia karibu zaidi, basi. Poda inafika bado ya moto, inashika."

Tangu Pasaka. Mbele ya wateja.

Bosi akauliza nani kaikata. Nikasema sijui. Nilisema vizuri sana, hata wewe ungeamini.

Bosi akaegemea meza. Akaitikisa kidogo.

"Hii meza mbona siku hizi haiyumbi?"

Wote wakainama kuangalia. Wateja pia.

Kile kipande nilichokikata kipo pale pale chini ya mguu wa meza, nilipokichomeka mwezi wa tatu. Nilidhani ni kijiti tu!

Otakar hata hakufoka. Alinikabidhi fimbo na msumeno.

"Kata tena tatu, Bi Daktari, tuone utagundua nini."