Programu za Khulud Hazipiti Tena kwa Mjumbe

Jumanne, 10/6/2025
Basi jana wateja wa maandazi walinikatisha, naendelea. Huyu mpangaji wangu Khulud, binti wa Kawe, anamalizia chuo, kompyuta. Ami yake Aidarus kashatoa neno: mtambo anaouunda wa mtihani ukigoma Alhamisi mbele ya walimu, arudi Kawe akakae duka la vitambaa. Masomo basi.

Nimemuuliza mtambo wenyewe wafanyaje. Kasema ndani ya kompyuta kuna programu kibao, zinapashanaga habari, ila kila neno lipite kwa mkubwa wao alikague kwanza. Inachelewesha. Nikamwambia ni kama kila umbea nimpelekee mjumbe wa nyumba kumi — si ningekufa mie! Kacheka. Yeye kaunda kichipu cha kuweka kwenye mashine. Chenyewe ndo kinakagua ruhusa na kupitisha habari moja kwa moja. Mkubwa kapumzishwa.

Jumatano, 11/6/2025
Imegoma. Spidi ipo, ila majibu yanamfikia asiyehusika. Nikasema huyo asiyehusika ni mie. Leo hajacheka.

Na ishu nyingine. Nilishamwambia jirani Demetria kwamba imefanikiwa. Kaja na bakuli la ubwabwa wa hongera. Khulud ananitazama: Mama Asifiwe, hongera ya nini? Ya kesho, mwanangu, kula.

Tumekula, nikaosha bakuli, nikatia maandazi, maana la jirani halirudi tupu. Demetria kaondoka nalo. Khulud kalisindikiza kwa macho. Halafu kasema kichipu chake kinatuma bakuli la pili, yaani ombi jingine, wakati la kwanza bado halijarudi, ndo maana majibu yanachanganyikana. Kakimbilia chumbani. Hata chai hataki.

Alhamisi, 12/6/2025
Imekubali! Majibu yote kwa wenyewe, na mbio kushinda njia ya zamani. Mwalimu Kamugisha kaijaribu kwa mkono wake, karudia, kakaa chini. Khulud anasimulia huku anapiga ndoo ngoma. Mie vigelegele. Demetria kachungulia ukutani: si ulisema jana imefanikiwa? Nikamwambia ile ya jana advansi.

Ila Ami hajapokea simu mchana kutwa. Na sasa gari lake getini. Khulud kajitanda mtandio. Nachungulia dirishani. Uso kaukunja, shikamoo ya binti kaijibu nusu. Kwapani kashika kitu — kompyuta ya dukani! Anasema ujumbe wa Khulud kausoma, na hii kompyuta inamchosha, inakwama mbele ya wateja, hicho kichipu kinaingilia wapi? Khulud kafungua mdomo — sasa Ami ananiita mie, Mama Asifiwe, leta meza na... haya naja, kesho naendelea.