Kigoda cha Baba

Alhamisi, 4 Juni 1953

Nimejiahidi kuandika yote humu, hata yanayonitia aibu. Basi naanza na la aibu.

Nilifika nyumbani kwa likizo jana jioni. Asubuhi nimefagia kama siku zote: ndani kwanza, kisha barazani, kisha uani. Kigoda cha baba kilikuwa kichwa chini karibu na mlango, miguu mitatu juu. Nikadhani ni kuku. Nikakiinua, nikakifuta vumbi, nikakisimamisha mahali pake.

Babu alikuwa anakunywa uji. Kibuyu kikamtoka mkononi.

"Tereza! Umemfufua nani?"

Hapo ndipo nilipojua. Kwetu kigoda cha mwenye nyumba hugeuzwa akifa. Hakuna aliyeniletea habari shuleni. Nimejua kwa kufagia.

Ijumaa, 5 Juni

Tumemenya karanga na mama, naye akanieleza. Baba amekaa miaka miwili kwenye mgodi wa dhahabu huko Geita. Mwanzoni alikuwa akituma salamu kwa kila mtu anayerudi. Tangu mvua za mwaka jana, kimya. Baada ya Pasaka Baba mdogo Shija alikwenda kumtafuta. Alisimama langoni siku kadhaa. Karani akatazama kitabu, akasema mtu huyo hayupo. Njiani wachimbaji wakamwambia kuna watu walifukiwa na udongo kwenye mashimo ya porini, na wengine hawakujulikana majina. Baba mdogo akarudi analia. Babu akageuza kigoda.

Matanga yatamalizwa mtama wote ukishapurwa. Siku hiyo Baba mdogo ataketishwa kwenye kigoda, na mama na sisi watoto tutakuwa watu wa nyumba yake.

Mama hakulia. Alisema tu kwamba karanga za mwaka huu ni ndogo.

Mimi namtaka baba. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Jumapili, 7 Juni

Misa. Nimeomba jambo moja tu, mara nyingi.

Sasa nimeona kitu ambacho hapa nyumbani hakisemwi. Kila asubuhi mama anapofagia, kabla babu hajatoka, hukisimamisha kigoda. Kila jioni babu hukigeuza tena. Mama humwamkia shikamoo, babu huitikia marahaba, ugali huwekwa mezani, na hakuna anayegusia kigoda. Mke wa Baba mdogo alisema jikoni, "Hiki kigoda kitachoka kuliko ng'ombe wa kulimia." Nilicheka. Kisha nikajichukia.

Jumatatu, 8 Juni

Sista Klara, anayetufundisha Kiingereza, alitupa kazi ya likizo. Maneno manne ya kukifanya kitu kiwe kinyume cha kilivyokuwa: invert, overturn, reverse, undo. Kila neno tulitungie sentensi juu ya kitu tulichokiona kwa macho yetu. Sista husema neno usiloweza kulionyesha kwa mkono hujalijua bado. Kwa invert aligeuza bilauri juu ya meza. Kwa overturn alisukuma kikapu cha chaki, zikatawanyika sakafuni, na sisi tukaziokota. Kwa undo alifungua fundo la kamba. Alipofika kwa reverse, kengele ya chakula ililia, akatuambia tutafute wenyewe.

Nimekaa mbele ya kigoda na kalamu. Alichofanya babu ni invert: kitu ni kilekile, kichwa chini. Lakini ni overturn pia, kwa sababu sisi sote tumemwagika.

Anachofanya mama asubuhi sijapata neno lake.

Jumatano, 10 Juni

Nimeuliza swali leo.

Baba mdogo alikuwa anapura mtama. Nikamwuliza, pale langoni aliuliza jina gani?

"Jina la kaka yangu. Kulwa. Ulitaka niulize jina la jirani?"

Ni kweli. Baba alizaliwa pacha. Doto, pacha wake, alifariki mchanga, kisha akazaliwa Shija, jina la anayefuata mapacha. Hapa nyumbani wanamwita Kulwa tu.

"Waliniitia Kulwa wawili waliomo kitabuni, si yeye," akasema. "Mmoja kijana mdogo wa Mwanza, mwingine mzee hana hata jino."

Nikamkimbilia mama. Mama akasema baba alikwenda mgodini na cheti cha ubatizo, maana hakuwa na karatasi nyingine. Humo ameandikwa Yakobo. Baba mdogo hajabatizwa. Kwake Yakobo ni jina la kanisani, la kuvaliwa Jumapili na kuvuliwa. Hakulifikiria. Mama naye hakuulizwa. Mwanamke haulizwi mumewe akatafutwe kwa jina lipi.

Baba mdogo aliposikia alikaa chini kwenye makapi, fimbo mkononi.

Babu alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Nimeshamlilia mwanangu. Unataka nimlilie mara mbili?"

Nilikuwa na hasira naye tangu Alhamisi. Jioni nimemwona anapitisha kidole kwenye mguu wa kigoda, pale kisu kilipoteleza. Alikichonga mwenyewe, wakati baba anaoa. Hasira imepungua. Haijaisha.

Alhamisi, 11 Juni

Babu amesema neno moja tu: mgodi ukijibu kabla mtama haujaisha, atasikiliza. Ukiisha bila jibu, mwanawe naye ameisha.

Jumamosi, 13 Juni

Nimetembea hadi misheni kwa Sista Klara. Ameshauri niuandikie mgodi kwa Kiingereza, maana karani mkuu wao ni Mzungu. Tumeandika majina yote mawili, Yakobo na Kulwa, na jina la babu, Masele. Tumeandika kovu la jembe kwenye mguu wa kushoto.

Tukakwama kwenye sentensi moja. Nilitaka kusema: tusaidieni tu-nini uamuzi wa babu yangu. Pale pa nini pakabaki wazi.

Sista alipendelea overturn. Alisema ndivyo mahakama zinavyosema. Nilikataa, na sijawahi kumkatalia Sista. Babu si kikapu cha chaki. Hakukosa kwa ubaya, na sitaki amwagwe mbele ya watu.

Invert haifai uamuzi, Sista mwenyewe alicheka.

Undo ilinivutia. Fundo likifunguliwa, kamba hunyooka kama haikufungwa kamwe. Lakini mama amekwisha kuamka asubuhi zote hizi. Haiwezekani kuwa hazikuwapo.

Nimerudi na barua yenye pengo.

Jumanne, 16 Juni

Lori la unga linalokwenda mgodini Geita limepita. Dereva ni Mzee Salumu wa Tabora, anayejua kila mtu njia nzima. Lilipitiliza duka, likakuta mchanga mbele. Watu wote wakapiga kelele, "Rivasi! Rivasi!" Likarudi nyuma polepole, kwa alama zake zilezile, hadi pale lilipopaswa kusimama.

Nilisimama na barua yangu nikatazama. Njia ni ileile. Alama za kwenda zimebaki mchangani, na za kurudi zimepita juu yake. Hakuna kilichofutwa, lakini lori limerudi.

Hilo ndilo ninalolitaka. Baba arudi kwa njia aliyoendea. Nikaandika reverse, barua juu ya bamba linalofunika gurudumu, na mwandiko ukapinda kwa sababu injini ilikuwa inanguruma.

Mzee Salumu akaniona na kalamu. "Shikamoo, Bibi Mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. Sijui nilipata wapi ujasiri. Watu waliangua kicheko, na mzee akacheka kuliko wote. Aliiweka barua ndani ya kofia yake, akasema humo ndimo anamoweka pia talasimu ya mkewe, kwa hiyo haitapotea. Ataipeleka kwa mkono wake. Akijaliwa, atarudi Jumamosi.

Mama alikuwa amesimama mbali, kanga mdomoni.

Jumatano, 17 Juni

Limebaki rundo moja la mtama.

Baba mdogo anapura polepole. Anapiga kidogo, anakaa, anaangalia fimbo kama ina kasoro. Jana alikuwa na nguvu za ng'ombe. Mkewe amemwuliza kama anaumwa. Akasema jua ni kali. Leo kulikuwa na mawingu.

Niliwahi kufikiri anakitaka kigoda. Nilikosea sana.

Alhamisi, 18 Juni

Bado rundo lilelile. Babu analiona, anapita.

Ijumaa, 19 Juni

Asubuhi shwari. Niliamka kabla ya mama, nikachukua ufagio.

Kigoda hakikuwa kichwa chini. Wala hakikuwa kimesimama. Kimelazwa ubavu, kimeegemea ukuta, na chini yake pametandikwa gunia ili kisichubuke. Babu alikuwa ameketi pembeni na kibuyu chake cha uji. Nilimwamkia. Aliitikia. Nilifagia kukizunguka, na sikukigusa.

Mama alipotoka alikitazama kigoda kutoka mlangoni. Kisha alirudi jikoni, akamletea babu uji mwingine.

Kwa hilo Sista hakutupa neno. Nitamwuliza shule ikifunguliwa.

Kesho ni Jumamosi. Nimeshajua mlio wa lile lori. Ile sentensi ya mwisho ya barua naikumbuka kwa moyo, na hapa naiandika kwa lugha yetu, ili niwe nimeiuliza kila mahali ninapoweza: Tafadhali nijibuni kwa lori hilihili, Yakobo Masele yupo kwenu?