Hakuna Aliyelamba

Mama,

Nimekasirika na sina mtu wa kumwambia, kwa hivyo nakuandikia wewe. Usiniambie nipunguze sauti. Ulikuwa unaniambia hivyo hata nikiwa nimenyamaza.

Mishubiri yako wameikata. Ile ya shamba la chini, safu zote tisa, uliyoianzisha na vitoto viwili ulivyopewa na rafiki yako wa Longonot, ukavibeba hadi hapa Gilgil kwenye pakiti ya unga. Nilitaka uisikie kwangu kwanza, kama huko mnasikia.

Baba Mdogo ndiye aliyeleta watu. Tulikuzika Agosti, na Novemba, udongo wa kaburi haujashuka hata, ndugu ya mumeo akafika na mnunuzi mmoja wa mjini na wanaume wanne wenye mapanga. Mvua bado ilikuwa inanyesha. Novemba, Mama. Wewe hukuwa unagusa jani kabla ya Januari, jua likiwa limewaka wiki mbili tatu na barabara ni vumbi tupu, na hata hapo hukukata bila kulamba.

Kila mwaka ilikuwa vile vile. Unakata jani moja la chini, unaliinamisha, unangoja lile tone la njano lije kwenye kidole, unalilamba. Halafu unatembea kutoka shambani hadi geti na kurudi, mikono nyuma, bila kutema mate, na sisi tunakuangalia uso. Ukirudi na uchungu bado uko mdomoni, unasema, "Wekeni beseni." Uchungu ukiwa umeishia njiani, unasema, "Bado ni maji," na kila mtu anarudi kwa shughuli zake. Mama Chebet wa hapo jirani alikuwa anasema unatembea kama askari wa zamu pale kambini. Mimi nilikuwa nacheka tu.

Basi safari hii hakuna aliyelamba. Walikata kama watu wanaokatia ng'ombe nyasi, wakachukua hadi majani machanga ya katikati. Wewe ulikuwa unaacha matano ya juu, ukisema mmea nao unahitaji mikono. Wakayapanga majani kwenye karai, mikato ikiangalia chini, na kweli utomvu ulitoka mwingi, mwepesi kama mkojo wa mtoto. Baba Mdogo akafurahi kwa sababu ni mwingi. Wakaumimina kwenye pipa la chuma. Unalijua hilo pipa, ni lile lililokuwa la dizeli. Wakaliacha juani bila kifuniko siku tatu, eti mnunuzi ameenda kutafuta gari. Wewe ulikuwa unachuja na kipande cha leso, unaweka kwa mitungi ya plastiki kivulini nyuma ya jikoni, na kabla ya jioni sufuria iko motoni, unauchemsha hadi ugande wa kuuza. Utomvu haulali, ulikuwa unasema.

Siku ya nne pipa lilikuwa na povu, na harufu yake ilimhamisha hata mbwa. Mnunuzi aliziba pua akaenda zake. Wakaumwaga wote kwenye mtaro wa barabarani.

Na unajua Baba Mdogo alisema nini? Alisema mbele ya watu, na pasta akiwa hapo, "Mishubiri ya huyu mama ilikuwa dhaifu tangu zamani." Dhaifu. Mimea iliyotulea sisi watatu tangu Baba afe. Yeye mwenyewe alikuwa anakuja kuomba dawa ya tumbo hapo hapo, na hakusema ni dhaifu siku hiyo.

Lakini kuna kitu nakizungukazunguka. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama pale na chupa ya chai, nawamiminia wale watu, nawaambia karibuni. Nilijua ni Novemba. Nilijua habari ya pipa. Sikufungua mdomo. Nilijiambia huyu ni mkubwa, huyu ni kama baba, mimi ni nani. Na sikulamba. Maisha yangu yote wewe ndiye uliyelamba na mimi nikakuacha ulambe. Kwa hivyo nina hasira na Baba Mdogo, na nina hasira na mimi mwenyewe, na, Mama, nina hasira na wewe pia. Ulijua unaumwa tangu Pasaka. Kwa nini ulinyamaza? Hata siku moja tu ungeniita ukaniambia, njoo, leo lamba wewe.

Mashina mengi yameoza. Sasa ni Januari, vumbi tupu, na wiki iliyopita Baba Mdogo alitangaza kwamba shamba la chini litang'olewa lote, lilimwe, apande mahindi. Jumamosi akaja na trekta. Kumbe ile safu ya kumi, ile ya nyuma ya choo, hajui kama iko. Novemba hawakufika huko kwa sababu ya miiba. Nikaingia, nikajichuna mikono yote, nikakata jani moja la chini nikamletea likidondoka. Nikamwambia, "Lamba." Alinitazama kama nimemtukana. Nikamwambia, "Lamba, halafu tembea hadi geti. Ukirudi husikii kitu, lima." Dereva wa trekta alizima injini ili aone vizuri.

Alilamba, Mama. Hata tanki la maji hakulifikia kabla ya kutema mate. Geti alilifikia akiwa ametema mara tatu, na akarudi akipangusa ulimi na kitambaa, macho yamejaa machozi. Akaniomba maji. Sikumpa. Najua, najua, hukunilea hivyo. Alijifungulia bomba mwenyewe, na wewe unajua maji hayasaidii. Walipoondoka alisema atarudi baada ya wiki mbili tuongee kama watu wazima. Arudi tu. Nimetoa vitoto vyote vya safu ya choo na kuvipanda kwenye mashimo ya yale mashina yaliyooza. Atanikuta nimekaa katikati yao, na trekta itanipitia mimi kwanza.

Lile jani sikulitupa. Mjukuu wako, huyu aliyebeba jina lako, amefika miaka miwili na alikuwa bado ananyonya. Nikapaka tone moja kwenye titi, vile ulivyonifanyia mimi. Alinyonya, akaachia, akanitazama, akanizaba kofi. Leo ni siku ya pili hataki hata nimbebe. Mimi ulisema nilikukasirikia siku tatu, nikahamia kwa Mama Chebet na mto wangu. Uliisimulia kila Krismasi, ukicheka. Hukuwahi kusema jinsi inavyouma kwa upande wa mama.

Hasira zangu safari hii zimepita siku tatu kitambo. Tangu Agosti nikipita mbele ya picha yako sebuleni naangalia kando.

Sasa pumzika, Mama. Baba Mdogo niachie mimi. Kesho asubuhi umande ukikauka nitakata jani moja la chini kwenye safu ya choo, na yale matano ya juu sitayagusa, si mwaka huu wala mwingine nikiwa hai. Nitalamba mwenyewe. Nitatembea hadi geti na kurudi, mikono nyuma, na sitatema. Nikirudi na uchungu bado uko mdomoni, nitasema kwa sauti, hata kama nimesimama peke yangu: wekeni beseni.

Binti yako,
Wanjiru