Mke Wangu, Meli ya Unguja na Karani wa Stesheni

Mheshimiwa Mshauri,

Baada ya salamu na taadhima, naleta kwako shauri lililoninyima amani, unijibu kabla treni ya Ijumaa haijaondoka. Mimi ni Mhangaza wa Ngara, fundi cherehani barazani kwa Mama Vinod, mjane mwenye duka la vitambaa hapa Shinyanga, ambaye kila kipupwe baridi humwingia mifupani, na kwa kuwa daktari amemkataza ndege kwa sababu ya masikio, husafiri kwa treni hadi Dar es Salaam, kisha kwa meli hadi Unguja akaote jua ufukweni. Mwaka huu amemwomba mke wangu Scolastika, ambaye ni Msukuma, amsindikize, nami niliridhia kwa moyo mkunjufu, mpaka tulipokwenda stesheni kukata tiketi, ambapo karani mmoja Mzaramo aitwaye Kondo alitamka mbele ya halaiki, "Mke wangu, umefika! Mwache huyo mshona viraka. Ijumaa naanza likizo, tutapanda meli moja nikakufundishe kuogelea," naye mke wangu, badala ya kuona haya, akajibu, "Ogelea wewe, mla nazi, mimi nitakaa mgongoni mwako!" Nilimshitaki Kondo kwa balozi wa nyumba kumi, naye balozi akacheka hadi akashika ukuta. Hivyo nimemzuia Scolastika kusafiri, na tangu hapo ananipakulia ugali bila mboga. Je, nimekosea?

Wako mtiifu,
Donatus, Kambarage

Ndugu Donatus,

Pole, lakini umejiaibisha. Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya babu zao. Kwao "mke wangu" ni salamu tu. Umeoa Usukumani, hukuuliza desturi za wakwe? Mwizi wa mke hapigi ngoma stesheni.

Tena nikuulize: safari ingekuwa ya hapo jirani Isaka, ungemzuia? Mkeo ataiona bahari kabla yako, na hilo ndilo linalokuchoma. Kuitamani si dhambi. Dhambi ni kumfungia mwenzako mlango kwa kuwa wewe hukufunguliwa.

Leo hii mwombe radhi, kwa maneno machache. Ijumaa mbebee mizigo mwenyewe hadi ndani ya behewa, na Kondo akianza maneno yake, mjibu kwa sauti: "Mchukue, bwana, ila mama mkwe anakungoja shambani na jembe!" Kisha cheka. Ukishindwa kucheka, punga mkono, usiushushe mpaka treni ipotee.